Mshika Sifuri

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
Jumapili, 14 Januari 2001

Kwa kaka yangu Khalil,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na baada ya hapo shikamoo. Namuomba Mungu barua hii ikukute umekaa kitako, umeshiba na huna haraka, na wifi yangu Abeer na watoto wawe wazima, maana ni ndefu na sitaki uisome umesimama. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamshika asubuhi, lakini akishapata chai yake ya tangawizi anapanda ngazi hadi juu kuanika nguo na hakubali kusaidiwa. Picha mlizopiga Sikukuu zimefika. Mama amesema umekonda. Mimi nimeona umenenepa, ila sikumbishia, kwa sababu hakuna mama anayemuona mtoto aliye mbali akamwambia amenenepa.

Barua yako ya siku za Idi pia nimeipata. Umenishukuru kwa ramani ya nyumba yako ya Mbweni, ukasema uliitandaza mezani kazini kwako na wenzio hawakuamini kuwa imechorwa na mwanamke aliyefundishwa na baba yake nyumbani. Ahsante. Jumatano nilikwenda Mbweni kama ulivyoniagiza. Msingi umekwisha, kuta zimeshapanda hadi kiunoni, na fundi wako ni mtu mtiifu, hatoki nje ya mchoro hata kwa unywele mmoja. Habari za Mbweni nitazirudia mwisho wa barua. Tafadhali usiruke kurasa kuzifuata.

Ulitaka nikupe habari za mwaka uliopita, hasa hili la mji wetu kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni kweli. Habari zilitufikia Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, kwamba wakubwa wamekutana Australia na wameamua kuwa vichochoro vyetu ni mali ya walimwengu wote. Watu wamefurahi. Mama aliuliza kama urithi huo nao mwanamke anapata nusu ya mwanamme, au safari hii wamegawa sawa. Mimi nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona machozi hayasimami.

Lakini mwaka wangu mimi haukuanza na Australia. Ulianza mwezi wa Septemba, siku Basil alipotembeza mtaani jarida moja nene la wasanifu majengo wa Ulaya, toleo maalumu la mwaka wa elfu mbili. Basil sina haja ya kukueleza ni nani. Mlikaa mkeka mmoja chuoni, mkala sahani moja kwetu, na aliporudi kutoka kusoma na shahada yake ya usanifu majengo, wewe ndiye uliyemwambia Mama amuhesabu kama mwanawe. Mama akamuhesabu, na sambusa akazipunguza kwangu.

Jarida nililiazima nikalisoma lote, maana kazi yangu ndiyo hiyo. London, ukingoni mwa mto wao, wamesimamisha gurudumu kubwa la kuwapandisha watu juu wakautazame mji wao wenyewe. Kinu kimoja cha umeme kilichozimwa miaka wamekigeuza nyumba ya kuwekea picha, na matofali yake wameyaacha yaonekane, jambo ambalo nimelipenda. Wamejenga na daraja la kupita kwa miguu, jembamba, zuri la kutazama. Siku ya kufunguliwa likaanza kuyumba chini ya nyayo za watu, na halikumaliza siku tatu likafungwa. Wahandisi wote wale na mashine zao walikuwa wamehesabu kila kitu ila namna binaadamu anavyotembea. Nikasema moyoni, kumbe na wenzetu. Ile minara miwili ya Dubai nayo ilikuwemo, ambayo wewe umeiona kwa macho na ukatuletea postikadi yake. Nikafunua ukurasa baada ya minara hiyo, nikaiona nyumba yetu.

Haikuwa picha ya kamera, Khalil. Ilikuwa ni mchoro, na mkono uliouchora ni huu unaokuandikia. Mimi vichwa vya boriti za dari huvichora viduara vidogo na ndani ya kila kiduara nikatia nukta, kwa sababu Baba alinambia kila mti una moyo. Nukta zangu zilikuwepo zote. Mlango wetu ulikuwepo, baraza ilikuwepo, kisima cha uani kilikuwepo. Juu yake, kwa herufi nene, pameandikwa kuwa upimaji na michoro ni ya Basil. Michoro kumi na tisa, nyumba kumi na tisa, na jina la Baba halimo hata chini kabisa mahali wanapowashukuru wapiga chapa. Mwisho wa habari pakaelezwa kuwa kazi hii ni miongoni mwa nne zilizochaguliwa kugombea tuzo ya mwaka, na kwamba jaji angefika Unguja mwezi wa Oktoba kuhakikisha.

Sasa nitakukumbusha mambo unayoyajua, kwa sababu nimepata sababu ya kuamini umeyasahau. Baba alipostaafu uchoraji ramani serikalini mwaka wa themanini na tano, wenzake walikwenda kucheza bao. Yeye akanunua daftari, akaanza kuzipima nyumba za mji huu moja baada ya moja, bila ya kutumwa na mtu, kwa kuwa aliziona zinaanguka kila masika na hakuna atakayekumbuka zilikuwa vipi. Kupima ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha ya utepe yenye sifuri na kuibana ukutani, wa pili anauvuta utepe hadi ukuta wa pili na kusoma. Anayesoma ndiye bwana, ndiye anayeandika daftarini. Lakini Baba akisema kuwa bwana wa kweli ni mshika sifuri, maana akilegeza kidole kwa inchi mbili tu, msomaji atasoma uongo kwa sauti ya mtu mkweli na wala hatajua.

Mshika sifuri wake wa mwanzo ulikuwa wewe. Ulishika nyumba tatu, ukalalamika vumbi na mavi ya popo, na mwaka wa themanini na nane ukenda zako Maskati. Ncha ikaangukia kwangu nikiwa na miaka kumi na tano. Nimeibana kwenye kuta za mji huu miaka kumi, na jioni nikirudi nikichora kwa wino yale tuliyoyapima mchana, mpaka Baba alipofariki. Nyumba arubaini na tatu. Kidole changu gumba cha kulia kina sugu mpaka leo.

Na watu walitufungulia, Khalil. Walitufungulia hadi vyumba vya ndani ambavyo mashemeji zao hawajaviona, na hawakutufungulia bure. Baba alimuapia kila mwenye nyumba kuwa mchoro wa ndani hautatoka kwenye kasha ila kwa ruhusa yake mwenyewe. Siku tatu kabla ya kufa alituita akaurudia wasia huo. Mimi nilikuwa miguuni kwake. Wewe, uliyekuja kumuuguza, ulimshika mkono wa kushoto, ukasema naam Baba, naam.

Bi Mwatum, jirani yetu wa upande wa kibla, chumba chake cha kulala kina zidaka saba ukutani za kuwekea vitu, na cha tano kimefunikwa kitambaa. Baba alitaka kukipima kina chake. Bi Mwatum akamuomba akiache, akamueleza kuwa ndani yake imo sanda aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka Makka, na kwamba hata wanawe hawajui ilipo. Baba akarudi nyuma hatua mbili, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: kidaka cha tano, sanda, usiguse. Nami nilipochora, nikayanakili maneno yale, ili na atakayekuja baada yetu asiguse. Basi nenda kwenye jarida utayaona, yamefasiriwa Kiingereza na yametiwa maelezo ya msomi Basil kwamba Waunguja, kwa mila yao ya kale, kila nyumba huijengea kidaka maalumu cha kuhifadhia sanda. Kila nyumba! Nakuuliza wewe uliyezaliwa humu, kidaka chetu cha sanda kiko wapi? Kwenye kile cha Mama cha sukari na majani ya chai?

Habari zikamfika Bi Mwatum kwa mjukuu wake. Nilikwenda kumuomba radhi. Alinisikiliza mlango ukiwa nusu, akanambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, babaako nlimkaribisha chumbani kwangu kwa sababu ya stara yake. Sasa nshavuliwa nguo mbele ya Wazungu, na mvuaji katoka nyumbani kwenu." Akafunga. Hajanifungulia mpaka leo, na siku za Idi sahani niliyompelekea ilirudi na kawa lake juu. Nyumba nyengine nne zimefanya vivyo hivyo. Hakuna anayemtaja Basil. Wanamtaja Baba.

Nilimfuata Basil nikamwambia. Alinikalisha, akaniagizia soda, akanifahamisha kwa sauti ile ya kuwafahamisha watalii kuwa mchoro usiochapishwa ni chakula cha mchwa, kuwa mimi ningependa au nisipende dunia imeshatuona, na kwamba yeye ana ruhusa halali. Nikamuuliza kapewa na nani. Akasema mambo ya warithi huwa hayasemwi na wageni. Akaongeza kuwa akishinda atalitia jina langu kwenye orodha ya wasaidizi. Soda ile niliinywa yote, nikaingojea Oktoba.

Jaji alikuwa bibi wa Kiholanzi, mtu mzima, mrefu, viatu vya kutembelea, mkoba mmoja tu begani. Siku ya mwanzo Basil alimzungusha Malindi na Shangani, na kila nyumba bibi yule alipoingia akiomba kwa adabu aoneshwe kidaka cha sanda. Waliokuwa na umbea walicheka. Wenye hasira walimuonesha mlango. Siku ya pili akaomba aletwe kwenye nyumba kubwa iliyochapishwa kurasa mbili kwa pamoja, yaani kwetu. Basil hakuweza kumkatalia. Akaja naye, na watu wa magazeti wawili, na kwa kujionesha akamwita pia Fundi Msabah, yule mzee wa chokaa aliyekuwa akimtengenezea Baba dari, ili atoe ushahidi wa mambo ya kale.

Mama akawatandikia jamvi ukumbini juu. Bibi yule akauliza swali jepesi, kwamba kazi hii ya kupima ilifanywa vipi na nani na nani. Basil akatoa kwenye mkoba wake karatasi ya ruhusa, ambayo wewe na mimi tutaizungumza baadaye. Kwa vile imeandikwa Kiswahili, bibi akanipa mimi niifasiri. Niliisoma kimya kwanza. Halafu nikaifasiri sawasawa, sikuongeza wala sikupunguza, kwamba vipimo vyote vilisomwa na kuandikwa na Basil, na marehemu Mzee Hamoud, yaani Baba, alikuwa akimshikia utepe. Bibi akamgeukia Basil kumuuliza kama ndivyo. Basil akasema ndivyo, tarakimu zote ni zake. Alilisema mara mbili, na watu wa magazeti waliandika.

Bibi akafunua jarida, akautazama mchoro, akautazama ukumbi, akautazama mchoro tena. Akatoa utepe wake mwenyewe mkobani, akampa Basil ile ncha ya sifuri. Khalil, nakuapia, mtu yule hakujua kuishika. Aliishika hewani kwa vidole viwili, mbali na ukuta, kama mtu aliyekamata mkia wa panya. Ilibidi bibi arudi amuoneshe pa kubana. Kisha akasoma upana wa ukumbi wetu: futi tisa na inchi nne. Kwenye jarida umeandikwa futi kumi na saba.

Basil akacheka kidogo, akasema huenda wenye nyumba wameongeza ukuta. Nikaulizwa mimi. Nikasema ukuta uko pale alipouweka babu wa babaangu. Hapo Fundi Msabah akaomba aulize na yeye. Akamuuliza Basil, mbele ya watu, boriti ya futi kumi na saba aliikata msitu gani wa mikoko, maana yeye amejenga miaka hamsini na hajapata kuona boriti ya kufika futi kumi na mbili. Akamuelezea bibi, nami nikifasiri, kuwa vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo tu, kwamba upana wa chumba cha Unguja unaamuliwa na mti, hauamuliwi na mwenye nyumba, hata akiwa Sultani. Mtoto wa fundi analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Ukumbi wa futi kumi na saba bila ya nguzo ungemuangukia mtu siku ya kwanza. Bibi yule akaandika muda mrefu. Basil akawa anapangusa miwani ambayo haikuwa na kitu.

Nilifurahi. Sitakuficha. Nilifurahi mpaka nikasikia njaa, nikaenda jikoni nikala mkate wa kumimina nusu nzima peke yangu. Mwezi wa Novemba ikaja barua kuwa kazi imeondolewa katika tuzo, na Disemba jarida likachapisha sahihisho. Mjini Basil hana jina tena. Anaitwa Futi Kumi na Saba. Wauza kahawa wanamwita hivyo, na mabaraza yote ya hapa hadi Mkunazini. Akipita mtu anapiga magoti anajifanya anapima njia. Wiki iliyopita amehamia Dar es Salaam, na hakuaga.

Sasa nikwambie kosa lile lilitoka wapi. Halikuwa la Baba, na masikini Basil naye halikuwa lake. Ni langu.

Ulipokuja tena kwa hitima ya Baba, Julai ya mwaka wa tisini na tisa, ukakaa miezi miwili, na Basil akawa haondoki humu. Siku moja nikafungua kasha nikaikuta michoro ya Malindi imewekwa kwenye fungu la Shangani. Baba aliipanga kwa mitaa, nami nisingekosea hata gizani. Nikajua kuna mtu anaitoa na kuirudisha. Nikamdhania Basil, kwamba anatumia ukarimu wako, ukilala mchana yeye anatafuta ufunguo. Sikukwambia, nilikuonea haya kumsengenya rafiki yako. Badala yake nilikaa siku tisa nikaichora upya nyumba yetu, mchoro mzuri kuliko ule wa asili, na ndani yake nikautanua ukumbi hadi futi kumi na saba. Ule wa kweli nikautia chini ya godoro la Mama, wa uongo nikautia kasheni juu kabisa. Nilisema, aliyeshika utepe atacheka na kuutupa. Asiyeshika atauchukua. Baada ya siku nne haukuwepo.

Kwa Basil sijuti. Niliutega mtego, akaingia kwa miguu yake, na ningeambiwa niutege tena leo ningeutega. Lakini sahihisho lile la jarida halikusema mchoro mmoja ni wa uongo. Lilisema michoro yote kumi na tisa isitegemewe. Mji ulipotiwa kwenye orodha, wanaoshughulikia majengo ya kale walitangaza wanatafuta vipimo. Nikabeba daftari za Baba na michoro yote arubaini na tatu nikawapelekea. Binti mmoja mpole akaifunua, akaiweka ubavuni mwa jarida, akaona viduara na nukta zake, mkono ule ule. Akanambia anasikitika, wameshaonywa kuhusu mkono huo. Nyumba zote itabidi zipimwe upya. Nilitia uongo mmoja kumuua mwizi, nao umeila kazi yote ya Baba ya kweli. Hapo ndipo hasira yangu ilipotafuta pa kwenda, ikaona Basil peke yake hatoshi.

Maana ile karatasi ya ruhusa niliyopewa niifasiri mbele ya Mama ilikuwa na hati ya mkono wako. Ile herufi mim katika sahihi yako ya Kiarabu, yenye mkia mrefu, uliyochapiwa chuoni. Inasema: Mimi Khalil bin Hamoud, mrithi wa kiume, nakiri kuwa michoro ni kazi ya Basil, na marehemu baba yangu alikuwa akimshikia utepe tu. Tarehe tisa Agosti. Mama aliniuliza karatasi inasema nini, nikamwambia ni mambo ya serikali. Sikujua bado ulipewa nini. Nilijua Novemba, uliponiomba nikuchoree nyumba ukaniletea nakala za hati ya kiwanja. Kiwanja cha Mbweni, kutoka kwa ami yake Basil, tarehe kumi na tatu Agosti. Siku nne. Umeuza jina la Baba kabla ya mwaka wa kaburi lake kukauka, na ukamfanya mshika utepe wa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Ungeliniomba michoro ningekukatalia, na ungelinipiga ningesamehe. Hili sijui nalisamehe vipi, na kwa kweli sijajaribu.

Basi nilikaa nikakuchorea nyumba. Nilikuwa najua kila kitu nilipoichora. Ni nzuri, umesema mwenyewe, na wenzio wameisifu. Ndani yake, Khalil, kuna uongo mmoja. Hautaiangusha nyumba juu ya wanao, mimi si muuaji, na nguzo zote nimezihesabu mara tatu. Lakini upo, na fundi wako mtiifu anaujenga hivi unavyosoma, na nyumba ikishapauliwa hautatoka ila kwa nyundo. Sikwambii uko ukumbini au ngazini, chooni au chumbani kwako. Usimtume fundi autafute, yeye anaamini karatasi. Wala usinipigie simu, Mama ndiye anayeipokea na yeye hajui lolote, nami nataka abaki hivyo mpaka utakapomwambia kwa kinywa chako.

Njoo. Kuta ziko kiunoni, wakati upo. Lakini Mbweni hatuanzi. Tutaanza kwa Bi Mwatum. Utagonga wewe, utamueleza wewe, na ukifukuzwa utarudi kesho yake. Akifungua tutapima chumba chake, zidaka sita, cha tano hatukigusi. Kisha nyumba ya pili, na ya tatu, zote arubaini na tatu, kwa jina la Hamoud, mpaka kila mlango uliofungwa ufunguke. Nyumba yako itakuwa ya arubaini na nne. Omba likizo ndefu.

Msalimie sana wifi yangu Abeer, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mama anakusalimia na anakwambia ule vizuri. Fundi Msabah naye anatoa salamu, amenipa utepe mpya. Tutakapoingia kwa Bi Mwatum, mimi nitasoma. Safari hii sifuri utaishika wewe.

Ndugu yako wa tumbo moja,

Thuwaiba binti Hamoud